Kabla Hujasema Umemwona Fisi Maji, Niambie Mkia

Fisi maji wa kwanza niliyemwona alipaa.

Nilikuwa nimemkodolea macho dakika kumi nzima. Kichwa cheusi juu ya maji, mwili umezama, mara anapiga mbizi, mara anaibuka kwingine kabisa. Moyoni nilishaanza kupanga nitakavyowasimulia wenzangu. Kisha akafungua mabawa na kuondoka zake. Kumbe mnandi! Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kumwamini mtu anayekuja mbio kuniambia amemwona fisi maji mtoni, na swali langu kwake ni moja: mkia ulikuwaje?

Wengine hukasirika. Wanasema waliona kichwa, tena vizuri sana. Sikatai. Ila kichwa kinachokatiza majini alfajiri chaweza kuwa cha wanyama kumi tofauti, na macho ya mtu mwenye hamu hujaza pengo lolote. Mkia hauna ujanja huo. Wa fisi maji ni mnene pale unapoanzia, kiasi kwamba huwezi kusema mgongo umeishia wapi, halafu unachongoka taratibu hadi ncha. Aghalabu anapozama huinua mgongo kama upinde, na mkia ndio wa mwisho kwenda chini. Subiri sekunde hiyo. Biva, yule mkubwa wa jamii ya panya anayejenga mabwawa kwa miti, ana mkia bapa kama kafi. Maskrati, yule mdogo wa jamii ya panya anayependa mabwawa, mkia wake ni mwembamba kama kamba. Nguchiro wa maji na minki, binamu mdogo wa fisi maji, wana mikia ya manyoya, myepesi, isiyo na ule unene wa misuli. Kuhusu kenge, tazama mwendo: kenge hujipinda kushoto na kulia kama nyoka, ilhali uti wa mgongo wa fisi maji hupanda na kushuka. Tofauti hiyo huonekana hata kwa mbali, hata kama jua liko machoni.

Ukubwa siutegemei. Kwenye maji matupu, yasiyo na kitu cha kulinganishia, minki wa kilo moja anaweza kuonekana jitu. Fisi maji wa mito ya Amerika Kaskazini ana kilo 5 hadi 14, na yule mkubwa wa Amerika Kusini hufikia karibu mita 1.8 toka pua hadi ncha ya mkia, lakini nani alikuwa na rula? Afadhali uangalie anavyoelea. Minki huogelea mgongo ukiwa juu juu, kama kizibo. Fisi maji huzama hadi shingoni, na shingo yenyewe ni nene karibu sawa na kichwa.

Jina nalo limechangia vurugu. Fisi maji hana undugu wowote na fisi; ni wa ukoo wa nyegere na kicheche. Na picha za mtandaoni zimeongeza nyingine. Yule anayelala chali akielea, kaa kifuani, ni fisi maji wa baharini wa Pasifiki ya kaskazini. Watu wanakwenda mtoni wakitarajia kumkuta hivyo, na wanampita wa kweli akiogelea kifudifudi. Tena wa mtoni naye huingia baharini sehemu nyingi, kwa hiyo chumvi ya maji peke yake haikupi jibu.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa wanyama. Wao wanataka kumwona. Mimi nimefika mahali ambapo mavi yake yananiridhisha zaidi.

Nicheke ukitaka. Fisi maji haachi kinyesi popote tu bila sababu. Huchagua jiwe lililotokeza, gogo lililolala, chini ya daraja, mahali vijito viwili vinapokutana, na hurudi hapo tena na tena, maana ndipo anapoachia wenzake ujumbe. Kwa hiyo huhitaji bahati, unahitaji kujua pa kuinama. Chukua kijiti, pasua kidogo. Magamba ya samaki na miiba midogo, au vipande vya ganda la kaa. Barani Afrika hilo lina faida ya ziada: fisi maji mkubwa asiye na kucha hupenda sana kaa, na kinyesi chake hujaa maganda yaliyosagwa, ilhali yule mdogo mwenye madoa shingoni, anayeishi hata Ziwa Victoria, ni mvuvi wa samaki zaidi. Harufu ni ya samaki iliyochanganyika na kitu kitamu kidogo, si ule uvundo wa minki unaokurudisha nyuma. Ndiyo, ninanusa. Kwa umbali wa heshima, na mikono nanawa.

Nyayo zinathibitisha. Vidole 5 mbele na nyuma. Mbwa ana 4 vinavyogusa ardhi, na kosa hilo ndilo ninaloliona zaidi kwenye tope. Utando kati ya vidole haujichapi kila mara, kwa hiyo usiukate uamuzi kwa kuukosa. Huyo asiye na kucha huacha alama zinazokaribia kiganja cha mtoto, vidole vimetawanyika. Kwenye nchi za theluji utakuta pia mtelezo, mfereji laini wa upana wa shibiri hivi, alikojiburuta kwa tumbo.

Jamaa zangu wa kamera wanasema ushahidi bila picha si ushahidi. Picha gani? Nimeonyeshwa nyingi zenye doa la kahawia katikati ya mawimbi, na mwenye nayo anaapa. Kinyesi chenye magamba juu ya jiwe la mtoni kina nguvu kuliko doa hilo. Picha nzuri ya koo, hiyo nakubali: fisi maji mwenye madoa shingoni na yule jitu wa Amerika Kusini wana mabaka ya koo yasiyofanana kati ya mmoja na mwingine, na kwa hayo watafiti humtambua kila mmoja. Ila picha hiyo hutokana na kukaa kimya, si kwa kumfuata mama mwenye watoto hadi mlangoni kwa shimo lake, wala kwa kumtupia samaki.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye jiwe langu la siku zote kabla jua halijatoka. Kulikuwa na kinyesi kibichi, bado kinang'aa, magamba yamejaa. Nikaketi upande ambao upepo ulikuwa ukinijia usoni. Baada ya nusu saa mstari wa viputo ukakatiza bwawa, ile hewa inayobanwa kwenye manyoya yake mazito na kuvuja anapoogelea chini. Viputo vikaenda hadi kwenye mizizi ya ng'ambo, vikakoma. Sikuona kichwa wala mkia. Kwenye daftari nikaandika: kinyesi, kibichi, viputo, mnyama hakuonekana. Juu ya jiwe la pili mnandi alikuwa amefungua mabawa, anajikausha.