Digrii ya Aktiki na digrii ya tropiki

Kuna mchoro unazunguka mtandaoni siku hizi. Nguzo mbili tu, za kuonyesha joto limepanda kiasi gani: moja ndefu, nyekundu, imeandikwa Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, nyingine fupi, ya njano iliyopauka, imeandikwa tropiki, yaani ukanda wa pande zote mbili za ikweta. Chini yake mtu kaandika kwamba wanaolia na joto wa tropiki wapunguze kelele, maana takwimu zimeshaonyesha nani anaungua. Watu wakapenda, wakasambaza, wengine wakaongeza kejeli zao. Na waliosambaza si wajinga. Ndiyo maana nimekereka.

Niseme mapema, kwa shingo upande: nguzo ndefu haidanganyi. Tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi ya karibu mara 4 ya wastani wa dunia. Watafiti wa Ufini walichapisha hesabu hiyo mwaka 2022, wakati wengi wetu bado tulikuwa tunaimba "mara 2" kwa mazoea. Tena si jambo la kushangaza. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alishapiga hesabu zake mwaka 1896, kwa kalamu na karatasi, akaona kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka, maeneo ya kuelekea ncha yatapashwa zaidi kuliko ya ikweta. Barafu nyeupe ikiondoka, bahari nyeusi inameza jua. Septemba 2012 barafu ya bahari huko ilibaki kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, na mpaka leo hakuna Septemba iliyoshuka chini ya hapo. Sibishani na lolote kati ya hayo.

Ninachobishana nacho ni ule ujasiri wa kuweka digrii ya huku kando ya digrii ya kule, halafu kutangaza mshindi.

Chukua Verkhoyansk, Siberia, ndani kidogo ya mstari wa Aktiki. Wastani wa Januari pale ni karibu digrii 45 chini ya sifuri. Wa Julai ni kama 16 juu yake. Digrii 60 za kupanda na kushuka, kila mwaka. Rekodi zake zimewahi kugusa karibu 68 chini ya sifuri, na Juni 2020 zikagusa 38 juu. Sasa shuka hadi Singapore. Mwezi wenye joto zaidi ukilinganisha na mwezi wa baridi zaidi (baridi, ati!), tofauti ya wastani haifiki digrii 3.

Ongeza digrii 1 Verkhoyansk, itamezwa na mayumbo ya wiki moja tu. Ongeza digrii hiyohiyo Singapore, umeshachukua zaidi ya theluthi ya tofauti yote ambayo mwaka mzima unaijua. Mwezi uliokuwa wa nafuu unakuwa kama mwezi wa kawaida wa zamani, na mwezi wa joto unaingia mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Kila kiumbe wa pale, kuanzia mdudu hadi mti, umbile lake limetulia ndani ya ukanda mwembamba wa joto. Nje ya ukanda huo hana uzoefu wowote.

Wanasayansi wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana hasira yangu haiwaendei wao. Wanachukua ongezeko la muda mrefu, wanaligawanya kwa kiasi ambacho joto la mahali hapo huyumba lenyewe mwaka hadi mwaka. Mtafiti wa tabianchi Irina Mahlstein na wenzake walifanya hivyo mwaka 2011, na jibu likapindua mchoro kichwa chini miguu juu: nchi za karibu na ikweta ndizo zinazotoka mapema zaidi nje ya hali zilizozizoea. Miaka mitatu kabla yao, 2008, utafiti mwingine uliangalia wadudu na kukuta kwamba wale wa tropiki tayari wanaishi karibu na kiwango cha joto kinachowafaa kabisa, kwa hiyo kuongezewa kidogo ni kuharibiwa, ilhali wenzao wa latitudo za kati bado wana nafasi, na baadhi wangeweza hata kufaidika. Matumbawe nayo hayahitaji digrii nyingi. Digrii 1 juu ya mwezi wenye joto zaidi, ikidumu wiki kadhaa, inatosha kuyapausha. Waulize waliopiga mbizi 1998, 2016 au 2024 walichokikuta chini.

Halafu kuna unyevu, ambao kipimajoto cha kawaida hakiuoni. Sehemu kubwa ya tropiki ni bahari na misitu. Nishati nyingi inayoongezeka inakwenda kugeuza maji kuwa mvuke badala ya kupandisha namba kwenye kipimajoto. Hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila digrii. Kwa hiyo nguzo ikibaki fupi, jasho ndilo linalokataa kukauka, na mwili usiokauka jasho haupoi. Joto limekuja, ila limepita mlango ambao mchoraji hakuweka mlinzi.

Naam, barafu nayo ina lake. Haijali wastani wala mayumbo, inajali sifuri, na ardhi iliyoganda ikishavuka hapo inaachia kaboni ambayo haichagui latitudo. Nakubali. Lakini hiyo ni sababu ya kuiogopa Aktiki, haimpi mtu ruhusa ya kuipuuza tropiki.

Ukubwa wa eneo, neno moja tu: ndani ya mstari wa Aktiki kuna kama asilimia 4 ya uso wa dunia, ndani ya ukanda wa tropiki kuna 40. Ramani za ukutani huwa zinaonyesha kinyume. Na Antaktika, ile ya ncha ya kusini, isichanganywe humu, mwenendo wake ni mwingine kabisa.

Data zenyewe za joto hazijafichwa. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wanazo kuanzia 1880, Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza kuanzia 1850, zote bure. Hesabu ni ya kugawanya, ya shule ya msingi. Aliyechora zile nguzo mbili alikuwa na namba zote mkononi, akatumia nusu.