Mita 60 na alama ya tope: kukadiria mafuriko ya Mto Msimbazi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tangu mwaka 2015 Dar es Salaam imekuwa pia na njia nyingine ya kujua hatari iko wapi: katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, mitaro na makalvati, huku wakiuliza maji huwa yanafika wapi. Wapo wanaosema kuwa kumbukumbu za wenyeji ni masimulizi tu, na kwamba kukadiria mafuriko ni kazi ya wataalamu. Nadhani hawazitendei haki.

Kipimo cha mita 60 kina faida zake. Ofisa yeyote mwenye futi kamba anaweza kukisimamia bila kusubiri utafiti, na kinaulinda ukingo usimomonyoke. Lakini kinasema umbali, wakati kinachozamisha nyumba ni kimo cha maji. Msimbazi, mto unaotoka vilima vya Pugu na kupita katikati ya Dar es Salaam, ukifika eneo la Jangwani unatanuka katika bonde pana kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na hapo mita 60 hazifiki hata karibu na mwisho wa maji. Mahali penye ukingo mrefu, nyumba iliyo nusu ya umbali huo yaweza kubaki kavu.

Katika nyumba moja ya bondeni niliyowahi kuingia, ukutani palikuwa na mistari mitatu ya tope. Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliweka kiganja kwenye ule wa juu, sawa na kizingiti cha dirisha, akaniambia, “Huu ni wa Desemba 2011, mwanangu.” Kisha akanionyesha mlango wake, alioujengea tofali mbili chini ili maji yakawie kuingia. Ni vigumu kwangu kuuita ushahidi huo masimulizi.

Desemba hiyo, katika siku moja, mji ulipata mvua ya zaidi ya milimita 150. Watu wasiopungua 40 walipoteza maisha, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Baada ya balaa kama hilo mtu husikia maneno “mafuriko ya miaka 50”, akajiona ana miaka 49 ya kupumua. Maana yake ni kwamba kila mwaka, pamoja na mwaka unaofuata, kuna nafasi ya asilimia 2 ya mafuriko ya kimo hicho au zaidi. Anayenunua kiwanja hapo na kuishi miaka 30 ana nafasi ya karibu asilimia 45 ya kuyaona angalau mara moja. Na hata hiyo 50 inategemea kumbukumbu za vipimo vya zamani, ilhali juu ya mto mashamba yamegeuka mabati na saruji, maji yanashuka kwa kasi zaidi, na mchanga unaendelea kujaza kitako cha mto. Mvua iliyokuwa ikiishia magotini sasa yaweza kufika kiunoni. Modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria maji yatafika wapi, ikichorwa bila alama za ukutani haina cha kuisahihisha, hasa kwenye vijito visivyo na kituo cha kupima mtiririko.

Pingamizi zito ni la maslahi. Aliyeshuhudia bomoabomoa ya Bonde la Mkwajuni mwaka 2015 anaijua hofu ya nyumba kuwekewa alama ya X ya kubomolewa, kwa hiyo aweza kupunguza kimo cha maji. Anayetarajia fidia aweza kukiongeza. Hilo ni kweli, ila maji yaliyotuama hujipanga sawa: alama za nyumba tano zilizo jirani zikipimwa kwa kifaa cha mpima ardhi, iliyo ya uongo hujitenga yenyewe. Pingamizi nisiloweza kulijibu hivyo ni kwamba hakuna mwenyeji anayekumbuka mafuriko ambayo hayajawahi kutokea. Hapo lazima mtaalamu na modeli yake waongoze, na mama yule akubali kuambiwa kwamba maji yaweza kupita juu ya mstari wake.

Kwa hiyo ningependa kila baada ya mafuriko, ndani ya siku chache, serikali ya mtaa ipime alama hizo na kupiga mstari wenye tarehe kwenye ukuta wa msikiti, kanisa, shule au ofisi yake, mahali ambapo hakuna mwenye sababu ya kuufuta. Nyumba ya mama yule imepakwa chokaa upya, na mistari yote mitatu imefunikwa.