Wajerumani wamefufua mto, ila majirani hawana

Kila nikiingia mtandaoni nakuta Wabongo wenzangu wamepost picha za Ulaya, oh oneni mji ulivyopangwa, miti, baiskeli, mto msafi, sisi tumelaaniwa nini. Mi nakaa Dortmund, huo mto Emscher napita pembeni yake nikienda kazini, na jamani kuna vitu kwenye picha havionekani.

Emscher ulikuwa mtaro wa kinyesi. Sio utani, karibu karne nzima vyoo na viwanda vya huu ukanda wa Ruhr vilikuwa vinamwaga humo humo, wazi kabisa, kwenye mfereji wa zege, kwa sababu ardhi ilikuwa inatitia juu ya migodi ya makaa ya mawe na bomba ukilifukia linapasuka. Migodi ilivyohama ndo kazi ikaanza, 1992, wakachimba bomba la maji taka la kilomita 51 chini ya ardhi, zege likang'olewa, mto ukarudishiwa kona zake, na maji machafu yakaja kukoma kuingia mwishoni mwa 2021. Miaka karibu 30 na zaidi ya yuro bilioni 5! Sa hivi samaki wamerudi. Kwa hiyo anayesema wazungu ni wasafi wa kuzaliwa muacheni.

Cha kuiga pale ni utaratibu, walianza na choo, bustani na njia za baiskeli zikafuata. Sisi tukiongelea bonde la mto Msimbazi kule Dar tunakimbilia mchoro wa bustani wenye watu wanajogi, wakati kila mtu aliyekaa Kigogo au Jangwani anajua mvua kubwa ikianza watu wanafanya nini, wanatapisha vyoo, unafungua shimo maji yanabeba mzigo wote mpaka kwa jirani wa chini na mwisho baharini Selander kwenye mikoko. Na sio roho mbaya, gari la kunyonya halipiti uchochoroni na hela yenyewe haipo. Panda nyasi juu ya hiyo hali uone utavuna nini.

Sasa upande wa pili, watu. Hapa Hörde, mtaa mmoja wa Dortmund, palikuwa na kiwanda cha chuma, kikavunjwa kikauzwa China, pakachimbwa ziwa, Phoenix-See, wakaanza kulijaza maji 2010. Pazuri mno. Ila Hörde ilikuwa mtaa wa vibarua wa kile kiwanda, na nyumba za kuzunguka lile ziwa mtoto wa kibarua anaziangalia tu akiwa njia ya matembezi. Na hata wenye nazo, mabenchi yamejaa, kila mtu na mbwa wake, salamu moja basi. Kwenye jengo letu namjua jirani kwa jina la kwenye kengele tu!! Uswahilini ukikohoa usiku asubuhi unaulizwa umeamkaje, kibarazani kuna bao, kuna mama wa vitumbua, mtoto akipotea mtaa mzima unatoka. Huku halmashauri zinalipa wataalamu kutafuta hicho kitu.

Ndo maana nasema kuwahamisha watu mbali sio kupanga mji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, huko nje kabisa ya mji, na wapo waliorudi bondeni, kwa sababu kibarua kipo Kariakoo na nauli ndo kama hivyo. Linganisha na Magomeni Kota, kaya 644, walivunjiwa wakasota miaka kibao, ila maghorofa yalipozinduliwa 2022 walirudishwa palepale. Hiyo mi naipigia makofi, ucheleweshaji wake siupigii.

Kwa hiyo wanaochora Msimbazi, bondeni pabaki pa maji na mikoko sawa, hakuna ubishi, lakini waliotoka wajengewe juu kidogo, Magomeni, Ilala, wawe wanatembea kwa mguu, na chini ya ghorofa pasiwe parking tupu, waacheni nafasi ya baraza na meza ya vitumbua. Na hiyo bustani msije mkaizungushia geti la kiingilio.