Usimuulize ana shida gani

Simu iliita saa saba mchana, namba ngeni. Nilipopokea, mtu akaniita kwa jina la bwenini, jina ambalo hata mke wangu halijui. Nilisimama pale pale ofisini. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka 19. Kabla sijapata pumzi ya kumjibu akaongeza harakaharaka: "Nakusalimia tu ndugu yangu, sina shida ya hela."

Maneno hayo yamenikaa kooni tangu mwezi wa tatu.

Nilipokata simu, wenzangu wakataka kujua ni nani. Nikawaambia. "Miaka 19? Jiandae, mzinga unakuja, atakuomba hela." Mwingine akasema ni kadi ya mchango wa harusi. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Lakini nilikasirika, na bado nina hasira, kwa sababu rafiki yangu alishawasikia hata kabla hawajafungua midomo. Alijua tutamfikiriaje. Ndiyo maana alianza kwa kujitetea, kama mtu aliyepelekwa mbele ya baraza.

Huyu ni mtu wa aina gani kwangu? Tulisoma wote Tabora, kwetu ni Mtwara. Likizo fupi ya mwaka 2002 daraja la Rufiji lilikuwa bado halijafunguliwa, safari ya kusini ilikuwa ya siku na siku, na nauli sikuwa nayo. Nikaenda kwao. Mama yake hakuuliza nitakaa mpaka lini. Siku ya kurudi bwenini alitufungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, mafurushi mawili, na langu lilikuwa kubwa kuliko la mwanawe.

Tulimaliza kidato cha sita Februari 2004. Tukaandikiana barua mpaka 2006, kisha ikawa kuhamahama, simu kuibiwa, uvivu. Uvivu wangu hasa.

Mwezi wa nne nilimfuata. Treni ya SGR hadi Dodoma, halafu basi kupitia Manyoni na Itigi. Nilimtambua stendi kwa mwendo, bado bega moja linatangulia. Tulikaa chini ya mwembe uani kwake, tukahesabu majina: nani mwalimu, nani yuko Mwanza, nani katangulia. Baada ya nusu saa maneno yakatuishia, nikaogopa kwamba ndiyo basi, tumebaki wageni. Hapo ndipo akaniambia habari za mama.

Aliugua mwaka 2015. Namba yangu alikuwa nayo wakati ule, alipewa na mwenzetu mmoja wa darasani. "Nilikuwa naiandika, nikifika tarakimu ya mwisho nafuta. Ningekuanzaje? Miaka yote kimya, halafu nakupigia mama anaumwa. Ungesema nimekukumbuka kwa ajili ya shida."

Yule mama alikufa nami sijui. Sikumzika mtu aliyenilisha.

Sasa niambieni, tumefikaje hapa? Watoto tunawakaririsha kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sisi wenyewe tukiiona dhiki inapiga simu tunaiacha iite. Tumelifanya neno "shida" liwe aibu kiasi kwamba mwenye nayo anaona heri apotee kabisa kuliko kudhaniwa ombaomba. Kisha tunalalamika kwamba marafiki wa zamani wamepotea! Hawajapotea. Wengine wana namba zetu, wanasita kwenye tarakimu ya mwisho.

Sawa, wapo wanaokutafuta mwezi wa kadi tu, ukishachanga hawapokei simu. Wapo matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nakubali. Lakini tapeli hajui jina lako la bwenini, wala hajui ulikuwa ukilia usingizini wiki ya kwanza ya kidato cha tano. Na hata kama rafiki wa kweli amepiga kwa sababu ana shida, basi ana shida! Ulitaka ampigie nani? Kama huna hela, mwambie huna, ukae naye kwenye simu. Mwaka 2015 huenda nisingekuwa na cha kutuma. Lakini ningepanda basi.

Jioni alinipeleka makaburini. Tulipita kando ya shamba la mihogo, yeye mbele mimi nyuma, hatuongei. Kaburi limesakafiwa kwa saruji, akalifuta majani kwa kiganja. Jina la mama liliandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na mwandiko niliujua mara moja: ile "M" yenye mkia mrefu. Ni mwandiko ule ule aliotumia kuninakilia madaftari yangu yote ya historia, wiki mbili nzima, nilipolazwa kwa malaria.