Mwenye butura hana mpinzani

Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilizilegezea benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 masharti ya amana zinazolazimika kuweka kwake. Haukupita muda, CRDB na NMB zikatangaza asilimia 9. Mabango yakapanda, tukaambiwa sasa benki zinamgombania mkulima.

Mkulima yupi? Mwenye miwa iliyokwisha kuwa na mkataba na kiwanda, mwenye ghala, mwenye hati. Huyo maofisa mikopo wanapishana mlangoni kwake.

Shangazi yangu wa Muleba, Kagera, hana anayemgombania. Kibanja chake, yaani shamba lake la kahawa, ni cha ukoo. Hakuna benki itakayokipiga mnada ukoo ukakaa kimya, na benki zinalijua hilo. Kwa hiyo Januari, mjukuu alipotakiwa kuripoti bweni na godoro, ndoo na jembe, aliyekuja ni mwenye butura, yule anayenunua kahawa kwa bei ya chini ingali changa mtini. Alikuja jioni kwa pikipiki. Akazunguka kwenye mibuni, akavuta matawi mawili matatu kuangalia punje, bado za kijani, ndogo kama njegere. Akakadiria magunia manne, akaandika kwenye daftari la shule, shangazi akatia dole gumba, pesa zikahesabiwa palepale. Hata chai ilikuwa haijachemka.

Tupige hesabu. Tuseme alitoa 60,000 kwa gunia ambalo msimu ukifunguliwa lingeuzwa 120,000. Hiyo ni riba ya asilimia 100 ndani ya miezi mitano au sita! Ukiiweka karibu na asilimia 9 kwa mwaka, benki inaonekana inatoa sadaka. Ila ile 9 iko mjini: kuna nauli, barua ya mtendaji, picha za pasipoti, halafu "mama, rudi wiki ijayo". Godoro halisubiri wiki ijayo.

Butura imepigwa marufuku, na viongozi hawachoki kuonya. Simtetei mwenye butura, ni mnyonyaji. Lakini ukimfukuza bila kuweka mtu mahali pake, atarudi usiku.

Mimi ningependa benki zishindane naye yeye, si zenyewe kwa zenyewe. TADB, benki ya serikali ya maendeleo ya kilimo, tayari inadhamini sehemu ya mikopo ya wakulima wadogo. Basi pesa kidogo ya Januari ipitie AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikatwe kahawa ikiuzwa. Dhamana ipo. Shangazi ana stakabadhi za mizani za misimu sita, amezikunja kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Hakuna ofisa mikopo aliyewahi kuomba kuziona.