Nesi mwenye mtoto mdogo, soma ungali nyumbani

Wadogo zangu manesi mlioko Tanga mnanipigia simu na swali lile lile: nije Uingereza kwanza ndiyo nijiendeleze, au nisome kwanza? Anayeuliza karibu kila mara ana mtoto ambaye hajafika miaka mitatu. Jibu langu ni moja: kama una mtu wa kumwachia mtoto, soma hapo hapo.

Binti yangu nilimzaa nikiwa Afisa Muuguzi Msaidizi, na stashahada yangu, wodi ya wazazi. Siku 84 za likizo ya uzazi zikaisha bado mtoto hajakaza shingo vizuri. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Nilizijua. Sikuwahi kuzipata zikiwa kamili, maana usiku tulikuwa wawili wodi nzima, na mwenye uchungu hangoji. Nilikuwa nakamua maziwa chooni na kuyamwaga. Linaniuma mpaka leo, kwa hiyo msinisome kama mtu anayepamba nyumbani kwa sababu yuko mbali.

Lakini nikishakabidhi zamu asubuhi, bodaboda hadi nyumbani Makorora, namkuta mtoto ameoga, ameshiba uji, yuko mgongoni kwa mama yangu. Mama akiwa na shughuli, yuko kwa jirani. Nalala. Saa nane mchana naamka, na kama ningekuwa na kitabu cha kusoma ningesoma. Hakuna aliyenidai shilingi, hakuna aliyeniuliza nitarudi saa ngapi.

Nilikuwa nimepata nafasi ya shahada Dar es Salaam, nikaiacha. Niliogopa kumwacha mtoto kilomita mia tatu na zaidi, na niliogopa usumbufu wa kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa cheo na mshahara wa shahada: nilishaona wenzangu wakirudi na shahada, barua inazunguka ofisi hadi ofisi, mshahara ni ule ule wa stashahada. Mama aliniambia, "Nenda mwanangu, huyu niachie mimi." Sikumsikia. Nilidhani Ulaya kutakuwa rahisi zaidi.

Huku Uingereza kuna mambo mazuri na ni haki niyaseme. Likizo ya uzazi inafika wiki 52, na 39 kati ya hizo zina malipo, ingawa baada ya wiki sita za mwanzo malipo yanashuka. Tangu Aprili 2024 una haki ya kuomba kubadilishiwa saa za kazi kuanzia siku ya kwanza ya ajira. Wodini kwangu kuna chumba cha kukamua maziwa na friji yake. Vitu hivi hata Tanga vinawezekana.

Sasa hesabu ya siku. Zamu yangu inaanza saa moja na nusu asubuhi, inaisha saa mbili usiku. Chekechea ya binti yangu inafunga saa kumi na mbili jioni. Kwa muda huo wa katikati, pamoja na njia, namlipa mlezi, na mlezi akiugua sina wa pili. Hapa England serikali huwalipia wazazi wanaofanya kazi hadi saa 30 za malezi kwa wiki kuanzia mtoto akiwa na miezi tisa, lakini mimi na mume wangu viza zetu haziruhusu misaada ya umma, kwa hiyo hazituhusu. Mtoto akitapika, harudi chekechea mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika mara ya mwisho. Siku hizo nakatwa likizo yangu.

Ili nipande kutoka daraja la 5 la mshahara kwenda la 6 nimeambiwa nichukue kozi, na mwajiri yuko tayari kuilipia. Mara mbili nimepewa nafasi, mara mbili nimeirudisha. Ada ipo, vitabu vipo. Mama yangu huku hayupo.

Wiki iliyopita amenipigia mmoja, mtoto wake ana miezi kumi, barua ya kukubaliwa chuo anayo. Mama yake anaishi Pongwe, hapo hapo Tanga, mzima wa afya, na ameshamwambia atamlea mjukuu. Nimemwomba Jumatatu apeleke kwa matroni barua ya kuomba ruhusa ya masomo, na leo usiku anitumie rasimu tuipitie pamoja.