Mzazi mwenye presha na kisukari: bingwa wa magonjwa ya ndani mjini, au tabibu wa karibu?

Mwenye mzazi aliyevuka miaka 70 kijijini Rungwe, Makete au Kilolo, siku moja swali hili litamfikia: nimpeleke mjini kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au nimwache aendelee na tabibu wa kituo cha afya aliyemzoea? Kwenye familia nyingi ninazozijua jibu hugawa ndugu. Walioko mjini wanasema mzee mwenye presha na kisukari hastahili kuachwa kwenye foleni ya kituo. Walioko nyumbani, ambao ndio wanaomnywesha uji na kumshika mkono kwenda chooni, wanasema safari zinamchosha na anarudi na vidonge vilevile. Mimi nilikuwa upande wa hawa wa nyumbani, mpaka mama alipoanguka jikoni.

Mama ana miaka 78 na anaishi nje kidogo ya Tukuyu. Alikuwa anatumia amlodipini kwa ajili ya presha. Baada ya miezi kadhaa vifundo vya miguu vikaanza kuvimba. Aliyempokea kituoni siku alipokwenda hakuwa yule aliyemwanzishia dawa, akaona miguu, akaandika Lasix, dawa ya kukojosha, ili maji yapungue. Magoti yakawa yanamuuma, jirani akamwelekeza duka la dawa, akaanza kumeza diklofenaki kila siku. Presha ikapanda, dozi ya amlodipini ikaongezwa, miguu ikavimba zaidi. Asubuhi moja aliinuka kwenye kigoda ili ageuze ndizi jikoni, macho yakaingia giza, akaanguka pembeni ya mafiga. Mkono haukuvunjika, namshukuru Mungu, lakini bega lilikuwa jeusi kwa wiki tatu.

Ndipo tukapanda gari hadi Mbeya, kliniki ya magonjwa ya ndani, na mfuko wa dawa zote mkononi. Daktari alimwamkia mama, akaumwaga mfuko mezani na kupanga vidonge kwa mafungu. Yalikuwa mafungu saba. Akauliza, "Bibi, ukiinuka asubuhi unajisikiaje?" Mimi nikaanza kujibu. Akaninyooshea kiganja kwa upole: "Samahani kaka, naomba bibi aniambie mwenyewe." Akampima presha akiwa amelala, akamsimamisha, akasubiri dakika tatu, akapima tena. Namba ya juu ilishuka kutoka 148 hadi 118. Kwa muda wote wa ugonjwa wa mama sikuwahi kuona mtu akimpima akiwa amesimama.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Amlodipini yenyewe huweza kuvimbisha miguu, na uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo Lasix haikuwa na cha kutibu; ilimkausha tu hadi presha ikawa inaporomoka akisimama. Diklofenaki hupandisha presha na kuumiza figo, hasa ikikutana na dawa ya kukojosha. Dawa moja ilizaa tatizo, tatizo likaandikiwa dawa nyingine, na kila aliyeandika alikuwa na sababu yake ya kweli. Lasix na diklofenaki zikaondolewa, amlodipini ikarudishwa kwenye dozi ndogo, magoti yakapewa parasetamo, na damu ikachukuliwa ili figo ziangaliwe.

Kwa kisa hiki ningeweza kusema jambo limeisha: mpeleke mzee kwa bingwa. Lakini kuwa mkweli kunanibana. Hakuna alichokifanya daktari yule kinachohitaji jengo la ghorofa. Mashine ya presha ipo kituoni kwetu. Kitanda kipo. Kilichokosekana ni dakika ishirini, na mtu mmoja wa kuuliza mzee anameza nini jumla. Tabibu mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango hana dakika hizo, na simlaumu. Kwa hiyo wanaosema tabibu wa karibu akiwezeshwa anatosha kwa sehemu kubwa ya matibabu ya wazee wana hoja nzito kuliko nilivyokuwa nadhani, na wangekuwa na nzito zaidi kama vituo vyetu vingekuwa na watu wa kutosha.

Hata hivyo, kuna kitu bingwa wa ndani anacho ambacho muda peke yake hauleti. Udaktari ni miaka mitano ya chuo, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka mitatu mingine ya kusomea magonjwa ya ndani: moyo, figo, mapafu, ini, kisukari, damu, vyote kwa pamoja. Kwa mzee hilo ndilo linalohitajika, kwa sababu magonjwa yake huja kwa kundi na mengi huja yamejificha. Nimonia ya mzee inaweza kuja bila homa kali wala kikohozi cha maana, ikaonekana kama kuchanganyikiwa tu. Mzee anayemeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, na kula kidogo anaweza kushukiwa na sukari, akaongea maneno yasiyoeleweka, na nyumba nzima ikasema "ni uzee". Neno hilo limewaponza wazazi wengi. Madaktari waliobobea kwenye magonjwa ya wazee ni wachache mno nchini, kwa hiyo kwetu huku bingwa wa magonjwa ya ndani ndiye anayeshika nafasi hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na familia zinazoanza na bingwa wa moyo, wakatoka hapo kwenda kwa bingwa wa figo, kisha wa mifupa, kila mmoja na karatasi yake ya dawa. Mzee wa namna hiyo anarudi nyumbani na mafungu kumi badala ya saba. Anza na wa ndani. Yeye akiona moyo unahitaji macho ya ziada, atakuandikia.

Upande wa pili una uzito wake kwenye nauli na umbali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza wanapaswa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Madirisha ya wazee yapo, na maandishi ya "Mpishe mzee kwanza" yamebandikwa ukutani. Lakini msamaha unaishia pale dawa inapokosekana na kuandikiwa ukanunue nje, na haugusi kabisa nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na siku tatu ambazo kijana ameacha viazi shambani. Kwa mzee wa Makete, kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni safari ya milima na baridi. Wengi huko huamua kwenda Ikonda, na wa upande wa Iringa huenda Tosamaganga au Ilula, hospitali za makanisa zenye sifa ya kumsikiliza mgonjwa, ila nyingine utalipia huduma ambayo serikalini ungesamehewa.

Kuna pia kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zilizoletwa kwenye hospitali za halmashauri kuanzia 2024, wa magonjwa ya ndani wakiwemo. Nazifurahia, kwa mzee asiyeweza kusafiri ni mlango uliofunguka karibu na nyumbani. Lakini presha na kisukari havimalizwi kwa siku tano. Dozi iliyobadilishwa Jumanne inatakiwa kutazamwa tena baada ya wiki mbili au nne, na wakati huo kambi imeshaondoka. Hospitali kubwa nayo ina tatizo la jamii hiyo: unaweza kwenda kliniki mara tatu ukakutana na madaktari watatu tofauti, kila mmoja akianza na "Bibi unasumbuliwa na nini?" Tabibu wa kijijini anamjua mama tangu nywele zikiwa nyeusi. Anajua Kinyakyusa chake, na anajua kwamba mama akisema "niko salama" hajasema kitu.

Nilipofika mimi ni hapa: safari ya kwa bingwa ni lazima, angalau safari moja, mzee anapofikisha dawa tano au zaidi, anapoanguka, anapoanza kuchanganyikiwa, au anapopungua uzito bila sababu. Baada ya hapo, mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha kwa wengi. Katikati yake, matibabu yarudi kwa tabibu wa karibu. Chukua barua ya rufaa kabla ya kuondoka, maana bila hiyo bima inaweza kukugomea hospitali ya juu. Uliza kwa simu siku ya kliniki ya magonjwa ya ndani, kwa sababu si kila siku. Beba dawa zote, za dukani na za miti shamba pia, bila kuona aibu. Na kwa kuwa neno "bingwa" siku hizi linaandikwa hata kwenye mabango ya wauza virutubisho, hakiki jina la daktari kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kiungo kinacholegea kuliko vyote ni barua ya kurudi. Rufaa inapanda na karatasi; majibu huwa yanashuka kwa mdomo wa mgonjwa, na mama angesema tu "wamenibadilishia vidonge". Niliomba daktari aandike, akaandika nusu ukurasa: dawa gani imetolewa, kwa nini, presha ipimwe akiwa amesimama, figo ziangaliwe tena baada ya miezi mitatu. Tabibu wetu aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akachukua gundi na kuibandika ndani ya jalada la daftari la mama. Kisha akamwambia apande kitandani, alale kwanza, ampime.